Muziki wa Michezo ya Video na Takhmisi Zake

Ziko sanaa ambazo watu huziheshimu kabla ya kuzisikia, na ziko nyingine ambazo watu huzidharau kabla ya kuzisikia. Muziki wa michezo ya video umo katika fungu la pili. Mzazi akiusikia kutoka chumbani mwa mwanawe husema kuwa ni kelele za mtambo; mwalimu husema kuwa ni mwizi wa saa za masomo; na mwanamuziki aliyefundishwa kinanda husema kuwa ni mlio wa kitu cha kuchezea. Hukumu hizi tatu hutolewa upesi, na hukumu ya upesi aghalabu haina shahidi. Mimi ni mpenzi wa michezo hii tangu utotoni, na mapenzi, kama wasemavyo wahenga, ni kikohozi, hayawezi kufichika. Lakini mapenzi peke yake si hoja. Mtu anayetaka wenziwe wakiheshimu kitu akipendacho hana budi kuwaonyesha ni nini ndani yake kinachostahili heshima, na ni nini kisichostahili.

Nia ya insha hii ni kuupima muziki huo, na pamoja nao kuipima kazi ya wale wanaouchukua wakaupanga upya kwa ala nyingine, kwa mwendo mwingine na kwa moyo mwingine. Kazi hiyo huitwa remiksi. Wako wanaosema kuwa remiksi ni wizi, na wako wanaosema kuwa ni uvivu wa mtu asiyeweza kutunga chake. Madai yangu ni kwamba remiksi njema si wizi wala si uvivu, bali ni jamaa ya takhmisi iliyofanywa na washairi wetu wa kale. Na remiksi mbaya huharibika kwa sababu zile zile zinazoiharibu takhmisi.

Tuanze na tabia ya muziki wenyewe. Mtunzi wa wimbo wa kawaida anajua wimbo wake unaanza wapi na unakoma wapi. Mtunzi wa muziki wa mchezo hajui. Mchezaji mmoja atavuka daraja kwa dakika moja. Wa pili ataanguka mtoni mara kumi kabla ya kuvuka. Wa tatu atauacha mtambo ukiwaka akaenda kula chakula cha mchana. Muziki hauna budi kuwangoja wote watatu bila kuwachosha. Kwa hiyo hutungwa kama tasbihi: ukifika mwisho wake, umefika mwanzo wake. Hii ni sheria ngumu. Lahani ikiwa dhaifu, mchezaji ataichukia katika mzunguko wa tano. Ikiwa na makeke mno, itamwondoa katika mchezo. Inatakiwa lahani ambayo mtu anaweza kuisikia mara mia katika jioni moja, na asubuhi akajikuta anaipiga mluzi njiani.

Tena muziki huu una jambo ambalo santuri haina: humwitikia anayeusikiliza. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado aliibunia kampuni ya Taito mchezo ulioitwa Space Invaders, ambamo maadui hushuka safu kwa safu kutoka angani. Muziki wake ulikuwa noti nne tu za sauti nzito, zenye kushuka, zikirudiwa bila kikomo. Kadiri mchezaji alivyowapunguza maadui, ndivyo waliobaki walivyokwenda mbio, na ndivyo noti zile nne zilivyoharakishwa. Hapakuwa na mwimbaji wala mpiga ngoma. Walakini moyo wa mchezaji ulidunda kwa kuufuata mwendo ule. Noti nne zilifundisha kwamba hofu haihitaji wingi wa sauti, inahitaji kipimo cha wakati.

Mtambo wa nyumbani ulioitwa Family Computer, ambao kampuni ya Nintendo ilianza kuuza Japani mwaka 1983, ulikuwa na mikondo mitano tu ya sauti. Miwili ilikuwa ya sauti kali ya kuchukua lahani. Mmoja ulikuwa wa sauti laini, uliotumiwa aghalabu kwa noti za chini. Mmoja ulikuwa wa mvumo wa kuigiza ngoma. Na wa tano ulikuwa wa vipande vifupi vya sauti zilizorekodiwa. Kwa mali hiyo haba Koji Kondo, aliyezaliwa Nagoya mwaka 1961 na kuajiriwa na Nintendo mwaka 1984, alitunga muziki wa Super Mario Bros., mchezo uliotoka mwaka 1985. Sikiliza jinsi alivyoitumia mali yake. Juu ya nchi lahani inaruka-ruka kama mtoto aliyetumwa dukani akafurahi kutumwa. Chini ya ardhi inakuwa fupi na nzito, ikikatizwa na vituo vya kimya. Ndani ya maji inageuka kuwa mapigo ya tatu tatu, mfano wa dansi ya waltz, kwa kuwa mtu aliye majini haendi kwa hatua bali kwa kuyumba. Na muda wa mchezaji ukipungua chini ya 100, lahani ile ile hukimbia kama mwanafunzi aliyesikia kengele angali mbali na lango. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza muziki huo katika orodha ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa, nao ukawa wa kwanza miongoni mwa miziki ya michezo ya video kupata heshima hiyo.

Watunzi wengine walikuwa maskini zaidi. Kompyuta iliyoitwa Commodore 64, iliyotoka Marekani mwaka 1982, ilikuwa na sauti tatu tu. Rob Hubbard wa Uingereza na wenziwe walitumia hila ya kupendeza: noti ambazo mpiga kinanda angalizibonyeza kwa pamoja, wao walizipiga moja baada ya nyingine kwa kasi kubwa, hata sikio likadhani kuwa zinalia wakati mmoja. Hivyo mkondo mmoja ulifanya kazi ya mitatu, na mlio ule wenye kumeta ukawa alama ya muziki wa kompyuta za siku zile.

Lakini tusipotoke katika kusifu. Umaskini wa ala si sifa kwa nafsi yake. Kwa kila lahani moja iliyodumu, zilikuwako nyingi zilizochosha masikio zikasahauliwa, na zilistahili kusahauliwa. Mpenzi wa mambo ya kale ana desturi ya kudhani kuwa kila kilichofanywa kwa shida kilifanywa vizuri. Si kweli. Shida humlazimisha mtunzi kuchagua, lakini haimchagulii. Kondo alikuwa na mikondo mitano, na mtunzi asiye na kipaji alikuwa na mikondo mitano vile vile.

Kuna hatari nyingine inayomkabili mpenzi wa muziki huu, nayo ni kumbukumbu. Mimi nikisikia muziki wa pango fulani katika mchezo wa utotoni, nakumbuka baridi ya likizo ya Agosti, ndugu yangu akingoja zamu yake kwa manung'uniko, na kiti kilichokuwa kimevunjika mguu. Raha hiyo ni ya kweli, lakini ni yangu; haimo katika noti. Mtu aliyelelewa katika nyumba nyingine hataipata hata akisikiliza mwaka mzima. Mhakiki hana budi kuyatenga mambo haya mawili, yaani thamani ya wimbo na thamani ya siku aliyousikia. Wapenzi wengi hawayatengi, na ndiyo sababu sifa zao hazimshawishi mtu wa nje.

Je, tutayatenga kwa njia gani? Hapa ndipo remiksi inapotufaa. Ivue lahani sauti ya mtambo wake, iondoe katika mchezo wake, ivishe nguo nyingine, kisha mpe aisikilize mtu ambaye hajapata kuushika mchezo huo. Ikiwa bado inasema naye, basi ina uzima wake yenyewe. Ikiwa imenyamaza, basi ilikuwa ikiishi kwa kumbukumbu zetu.

Jaribio hilo lilianza zamani. Dragon Quest, mchezo uliotoka Japani mwaka 1986, ulikuwa na muziki wa Koichi Sugiyama; na mwaka 1987 muziki huo ulipigwa katika tamasha jijini Tokyo, kwa ala za watu hai, mbele ya wasikilizaji walioketi kimya kama wanavyoketi kusikiliza muziki wa watunzi wakuu wa Ulaya. Miaka kumi na miwili baadaye, yaani mwaka 1999, Mmarekani David Lloyd alianzisha jumuiya iitwayo OverClocked ReMix, ambayo watu wake huchukua muziki wa michezo, wakaupanga upya na kuutoa bila malipo. Jumuiya hiyo ina waamuzi wa kujitolea, na waamuzi hao hukataa kazi za aina mbili. Hukataa kazi iliyoifuata asili mno, hata haina jipya. Tena hukataa kazi iliyopotea mbali na asili, hata asili haitambulikani. Kati ya kuta hizo mbili ndipo penye njia.

Mwanafunzi aliyesoma ushairi wa Kiswahili ataona kuwa sheria hii si ngeni kwake. Katika takhmisi ya asili mshairi alichukua utungo wa mwenziwe uliokuwa na mishororo miwili katika kila ubeti, akatanguliza mishororo mitatu yake mwenyewe, hata ubeti ukatimia mishororo mitano. Takhmisi ya Liyongo ni mfano mashuhuri. Mishororo iliyoongezwa ilipaswa kupatana na ile ya kwanza kwa vina, kwa mizani na kwa maana, msomaji asione mahali paliposhonwa. Aliyeongeza maneno matupu alionekana kuwa amejaza nafasi tu. Aliyeongeza maneno yasiyohusiana alionekana kuwa hakumsoma mwenziwe. Hapana aliyeiita kazi hiyo wizi, kwa sababu jina la mwenye mishororo ya kwanza halikufichwa. Tena kumwongezea mtu mishororo kulikuwa ni kumtukuza.

Tofauti ipo, nami siifichi. Mwenye takhmisi huiacha mishororo ya asili kama ilivyo, ilhali mwenye remiksi huweza kubadili ala, mwendo na hata mapigo. Uhuru wake ni mkubwa zaidi, na kwa hiyo hatari yake ni kubwa zaidi. Lakini tena ana wajibu mmoja ambao mtunzi wa kwanza hakuwa nao, nao ni kuupa wimbo mwisho. Muziki wa mchezo, kama tulivyoona, huzunguka bila kukoma. Hukatwa na kifo cha mchezaji, au na ushindi wake, au na sauti ya mama anayeita watu mezani. Hauishi, hukatizwa. Mwenye remiksi anapouchukua hawezi kuuacha uzunguke milele. Hana budi kuamua unaelekea wapi, unapanda mahali gani, na unapumzika vipi. Katika uamuzi huo hudhihirika kama ameuelewa au hakuuelewa. Mtumishi aliyekuwa akisubiri amri za mchezaji anapewa safari yake mwenyewe.

Natuijaribu mizani hii kwa mifano mitatu. Wa kwanza ni muziki wa Tetris. Mchezo huo ulibuniwa na Alexey Pajitnov jijini Moscow mwaka 1984. Mwaka 1989 Nintendo iliutoa kwa ajili ya mtambo wake wa mkononi ulioitwa Game Boy, na Hirokazu Tanaka akaufanyia muziki. Lahani yake inayojulikana kuliko zote hakuitunga mwenyewe. Ni wimbo wa watu wa Urusi uitwao Korobeiniki, na maneno yake yalitoka katika shairi la Nikolay Nekrasov la mwaka 1861. Ndani yake mchuuzi wa vitambaa anamngoja msichana katika konde la nafaka. Wanashindana juu ya bei, ilhali kila mmoja anajua kuwa vitambaa silo jambo lenyewe. Shairi likawa wimbo, na wimbo ukawa mlio wa mtambo mdogo unaoshikwa mkononi. Anayedai kuwa remiksi ya Tetris ni wizi na atuambie kwanza mwenye mali ni nani: Nekrasov, watu wa Urusi waliouimba, au Tanaka?

Mtambo wa Tanaka ulikuwa na mikondo minne tu, naye hakuongeza mengi. Aliongeza jambo moja lililotosha: alitia wimbo wa kusubiri katika mchezo wa haraka. Vigae vinaanguka, mkono unahangaika, lakini lahani ina huzuni ya mtu asimamaye kondeni jioni. Mgongano huo ndio unaoufanya muziki ule ukae moyoni. Mwaka 1992 Andrew Lloyd Webber na Nigel Wright, wakijiita Doctor Spin, waliutoa upya kwa mapigo ya disko, ukapanda hata nafasi ya 6 katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Uliuzwa, wala sikatai kuwa unachezeka. Lakini pima: nini kimeongezwa? Kasi na kishindo. Huzuni imeondolewa, na haraka imepewa haraka nyingine. Ni takhmisi ya mtu aliyesoma vina akaacha maana. Remiksi nyingi za gitaa la umeme zilizofuata zina kasoro iyo hiyo: hudhani kuwa wimbo ukipigwa kwa nguvu zaidi umesema zaidi.

Mfano wa pili ni wimbo uitwao Aquatic Ambience, wa Mwingereza David Wise, katika mchezo Donkey Kong Country uliotoka mwaka 1994. Mtambo wa Super Nintendo ulikuwa na mikondo minane ya sauti, na kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu kwa ajili ya sauti zote. Katika nafasi hiyo, ndogo kuliko ile inayochukuliwa na picha moja ya simu ya leo, Wise alitia bahari. Nyani anaogelea kati ya matumbawe na papa. Hatari zipo, lakini muziki haumhimizi. Noti za chini zinapanda na kushuka polepole kama kifua cha mtu alalaye, na juu yake lahani inatokea, inafifia, inatokea tena. Mchezaji hujikuta ameacha kuogelea, ametulia, anasikiliza. Si jambo dogo kwa muziki wa mchezo kumfanya mchezaji asahau kushinda.

Wimbo huu umewavuta watengenezaji wa remiksi wengi sana. Watu wa OverClocked ReMix waliupanga upya muziki wa mchezo mzima katika albamu ya mwaka 2004 iitwayo Kong in Concert. Katika remiksi za wimbo wa bahari nilizozisikia, nyingi zinakosea mahali pamoja: zinaogopa kimya. Zinajaza ngoma pale ambapo Wise aliacha maji. Zile zilizo bora hufanya kinyume. Hupunguza noti, huiacha lahani peke yake kwenye kinanda, kisha mwishoni huituliza badala ya kuikata. Hapo msikilizaji huona kama ameibuka juu ya maji akavuta pumzi. Huo ndio mwisho ambao wimbo wa kwanza haukuweza kuwa nao. Na ili ajulikane aliyekasirika na asiyekasirika, yafaa kusema kuwa mwaka 2010, jumuiya hiyo ilipotoa albamu ya muziki wa mchezo wa pili wa mfululizo ule, David Wise mwenyewe alishiriki kwa kuupanga upya wimbo wake. Mwenye mishororo ya kwanza aliketi katika baraza la wenye takhmisi.

Mfano wa tatu unatuhusu sisi, kwa kuwa maneno yake ni Kiswahili. Mwaka 2005 ulitoka Marekani mchezo uitwao Civilization IV, ambamo mchezaji hulea taifa tangu zama za kale hata zama za safari za angani. Mlangoni mwake, kabla mchezaji hajaanza, husikika wimbo Baba Yetu, uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa maneno ya Sala ya Bwana. Uliimbwa kwanza na Talisman, kikundi cha waimbaji wa Chuo Kikuu cha Stanford, alikosoma mtunzi mwenyewe. Baadaye Tin aliupanga upya kwa ajili ya albamu yake Calling All Dawns ya mwaka 2009, wakauimba Soweto Gospel Choir wa Afrika Kusini. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza kuipata miongoni mwa miziki iliyotungwa kwa ajili ya mchezo wa video. Nayo tuzo ilikuwa ya upangaji wa muziki. Wanaodharau kazi ya kupanga upya na walizingatie hilo.

Nini kinachostahili sifa katika wimbo huu? Kuitana na kuitikiana. Mwimbaji mmoja anatangulia, kwaya inamjibu, sauti zinaongezeka tabaka juu ya tabaka, kama tusikiavyo katika kwaya zetu. Na msikilizaji asiyejua neno moja la Kiswahili huelewa kuwa jambo kubwa linaanza. Kwa mlango wa mchezo unaosimulia historia ya binadamu, ni mlango unaofaa.

Lakini sisi wenye lugha tunasikia na jambo la pili. Neno "yetu" limerudiwa mahali ambapo sarufi hailihitaji wala maana haiongezeki, na neno "amina", ambalo kila mtoto anajua kuwa hufunga sala, limewekwa mwanzoni kabla sala haijaombwa. Atasema mtu kuwa wimbo una ruhusa ya kuinamisha sarufi. Ni kweli, unayo, na washairi wetu huitumia kila siku. Lakini wao huinamisha kwa sababu, ama ya kina, ama ya mizani, ama ya mkazo. Hapa sababu ni utamu wa silabi tu. Lugha yetu imependwa kwa sauti yake kuliko kwa maana yake. Sisemi kuwa hilo ni tusi. Wimbo huo umelifikisha neno la Kiswahili katika masikio ambayo hayangalilisikia. Nasema kuwa ni kazi iliyoacha nafasi.

Na nafasi hiyo ni ya nani? Kijana msomaji, nadhani ni yako. Wajapani, Waingereza na Wamarekani wameufanyia muziki huu takhmisi kwa fidla na kwa gitaa. Ni wachache mno walioufanyia kwa udi na kanuni, kwa zeze, kwa nyatiti, au kwa mapigo ya chakacha. Sidai kuwa ala za nyumbani ni dawa ya kila wimbo. Nyatiti iliyobandikwa juu ya lahani isiyoihitaji ni kosa lile lile la ngoma zilizojazwa ndani ya bahari ya Wise. Nadai kuwa msanii anayejua mahali ambapo "amina" hukaa anaweza kuusikia wimbo ule kwa namna ambayo mtunzi wake hakuweza, na kusikia hivyo ndio mwanzo wa kuongeza.

Ila adabu ya kazi ni sharti ifuatwe. Muziki wa michezo una wenyewe kisheria, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake kugeuzwa. Wenye busara hulitaja jina la mtunzi wa kwanza, hawaifanyi remiksi bidhaa bila ruhusa, na aghalabu uaminifu huo hulipwa. Kampuni ya Capcom ilipotaka kuufufua mchezo wake wa Street Fighter mwaka 2008, iliwaomba watu wa OverClocked ReMix wautengenezee muziki. Waliokuwa wakipanga upya kwa mapenzi waliitwa kupanga upya kwa mwaliko. Mwizi haitwi mlangoni namna hiyo.

Basi utakaposikia tena muziki wa mchezo, au remiksi yake, usianze kwa kuupenda wala kwa kuudharau. Jiulize mambo matatu. Je, lahani hii ingaliishi kama mtambo wake ungalizimwa? Je, aliyeipanga upya aliielewa kabla ya kuigusa? Na je, amepata kwa ajili yake mwisho unaostahili? Kama jibu la maswali yote matatu ni ndiyo, umesikia sanaa, na haidhuru ilizaliwa katika kitu cha kuchezea. Kama jibu ni siyo, usimlaumu mtunzi wa kwanza wala usiulaumu mtambo. Ubeti ungali na mishororo miwili, na mitatu iliyobaki inamngoja mwenye sikio la kuitunga.